Meno ya Bwana Maji

Mzee Demissew alikuwa akimchagulia binti yake meno kama mkulima anayechagua mbegu. Daktari alikuwa amempa kibao chembamba chenye meno kumi na sita ya kauri, yamepangwa kuanzia jeupe pepe hadi lenye rangi ya samli, na mzee aliyachomoa moja moja, akayainua kuelekea dirishani, akakunja uso, akayarudisha. Mwishowe aling'ang'ania moja na kulileta hadi mbele ya midomo ya Woinshet.

"Hili," alisema. "Hili linang'aa."

"Weka chini, Baba."

"Litazame kwanza. Ukicheka nalo kanisani, hata aliyekaa mlangoni atakuona."

"Nimesema weka chini. Mdomo ni wangu."

"Kwani nani kasema wangu?"

Daktari Hirut alicheka akidhani ni utani wa baba na binti. Alikuwa mwanamke kijana, mwepesi wa mikono, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wasioweza kumjibu. Hakujua kwamba wawili hawa walikuwa wamekaa miaka sita bila kusemezana, wala kwamba tangu walipoondoka Adama asubuhi ile kuja Addis Ababa, maneno waliyopeana hayakufika ishirini, na mengi yao yalikuwa "sogea".

Woinshet alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mkunga mwenye jina zuri pale Adama, na meno yake yalikuwa na rangi ya chai iliyolala sufuriani. Yale mawili ya mbele yalikuwa na vishimo vidogo vidogo. Alizaliwa na kukulia kwenye kambi ya mashamba ya miwa kule bondeni, na watoto wote wa kambi ile walikuwa na meno ya namna hiyo, hata mtu wa mjini akimwona mmoja wao amefungua kinywa alijua palepale ametoka wapi. Alijifunza mapema kucheka huku amevuta pindo la shuka yake nyeupe ya kujitanda hadi puani. Alijifunza kusema kwa midomo iliyobanwa, hadi waliomwona kwa mara ya kwanza wakamdhania mwenye maringo. Miaka ile ya barakoa, watu walipokuwa wakizikana, Woinshet, Mungu amsamehe, alikuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote pale Adama.

Meno meupe aliyataka tangu ana miaka minane. Aliyataka kwa uchu, kama mwingine anavyotaka mtoto, na hakuona haya kujikiri hivyo. Kwa hiyo baba yake alipobisha hodi wiki tatu zilizopita, kofia mkononi, na kusema bila hata salamu ndefu, "Nimeuza kiwanja changu. Twende Addis ukatengenezwe meno," mkono wa Woinshet ulikwisha kushika kitasa kuufunga mlango, lakini haukuufunga. Alimwacha mzee aingie. Usiku kucha hakulala, na kulipopambazuka alikuwa amekata shauri. Meno atayachukua. Lakini kabla hajayachukua, huyu mzee atalisema lile neno kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa alikuwa amelala chali kwenye kiti, kinywa wazi, kioo kidogo cha daktari kikigonga ndani. Daktari alichunguza jino baada ya jino huku akiuliza maswali ambayo mgonjwa hawezi kuyajibu.

"Haya madoa unayo tangu lini, dada? Tangu utotoni?"

Mzee Demissew akajibu kwa niaba yake. "Alikuwa hapendi kusugua meno, daktari. Mtoto mkaidi huyu, wacha tu. Marehemu mama yake alihangaika naye mno."

Woinshet alitaka kusema, akatoa sauti ya bubu. Mate yalimpalia, na daktari akamwambia avumilie kidogo tu, amalize upande wa kushoto.

"Hapana, mzee," alisema daktari huku akiendelea. "Huu si uchafu. Huyu hana hata jino moja lililooza. Kwa umri wake hilo ni nadra, mimi mwenyewe nimezibwa manne. Haya ni maji. Kuna madini mengi kwenye visima vya bondeni, mtoto akiyanywa meno yake yakiwa bado yanaumbwa ndani ya fizi, yanatoka hivi. Usugue usisugue."

"Maji yetu yalikuwa mazuri," alisema mzee. "Mimi mwenyewe nimeyanywa miaka ishirini na tisa. Tazama."

Akafunua meno. Yalikuwa meno ya ajabu kwa mtu wa miaka sabini na mbili, meupe, manene, yamekaa safu iliyonyooka.

"Wewe ulikulia wapi, mzee?"

"Milimani. Upande wa Debre Birhan."

"Basi ulifika bondeni meno yako yameshakomaa. Maji yasingekufanya kitu."

Daktari alitoa vyombo vyake. Woinshet akainuka na kuketi, kitambaa cha karatasi kikining'inia shingoni, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Mwambie kazi yako ilikuwa nini," alisema.

"Woinshet."

"Daktari anatibu, lazima ajue. Mwambie."

"Nilikuwa fundi," alisema mzee, akitazama viatu vyake.

"Fundi wa nini? Wa cherehani?"

"Wa pampu."

"Fundi wa pampu ya kisima cha kambi," Woinshet alimwambia daktari. "Watu walimwita Bwana Maji. Kila Jumapili baada ya ibada alisimama pale bombani na kikombe cha bati, akanywa mbele ya watu wote, akatabasamu. Watu wakasema maji yana ubaya gani, mbona Bwana Maji meno yake yanawaka? Kumbe hawa watoto wetu ni wachafu tu. Haya, mwambie na barua."

"Usinivue nguo mbele ya watu, mwanangu."

"Mimi ni mkunga, Baba. Mficha uchi hazai."

"Maji yakimwagika hayazoleki! Unataka nifanye nini?"

"Hayakumwagika. Wewe uliyasukuma kwa mashine."

Daktari Hirut alivua glavu zake taratibu, kidole kimoja kimoja. "Sikilizeni," alisema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Mkitaka kugombana, nje kuna uwanja. Hapa nina watu wanne wanasubiri, na mmoja uso umemvimba. Tuendelee au tuache?"

"Tuendelee," walisema wote wawili kwa pamoja, na jambo hilo likamkera Woinshet kuliko yote yaliyotangulia.

Habari ya barua aliipata miaka sita iliyopita, kwenye matanga ya mama yake. Mzee mmoja aliyekuwa mhudumu wa zahanati ya kambi alikaa karibu naye, akala, akashiba, akaanza kukumbuka ya kale kama walivyo wazee. Akasema yeye daima alistaajabu kwa nini Demissew hakuchukua madumu yake. Madumu gani, aliuliza Woinshet. Ndipo mzee yule, bila hila yoyote, akamweleza kwamba zamani walikuja wataalamu kutoka mji mkuu wakapima kisima, wakaandika barua kwamba maji yanaharibu meno na mifupa ya watoto. Ofisi ikajengewa bomba lake la maji yaliyochujwa, na kila fundi wa pampu akaruhusiwa madumu mawili kwa wiki kwa ajili ya watoto wake. Barua ile aliipokea Demissew, akaitia saini.

Woinshet hakulia siku ile. Alimkumbuka mama. Mama Askale alikuwa mwanamke safi kupindukia, aliyefagia hata njia ya jirani, na mtoto mwenye meno ya kahawia alikuwa aibu iliyomla usiku na mchana. Kila alfajiri alimshika Woinshet kidevu, akamkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akasugua. Alianza na mswaki wa mti, akaja mkaa uliosagwa na chumvi, na Woinshet alipofika miaka saba, mchanga wa mtoni na ndimu. Fizi zilivuja damu hadi kwenye kola ya sare ya shule. "Mchafu wewe," alisema mama akisugua. "Mchafu, mchafu, nani atakuoa wewe?" Na baba alikuwapo. Alikuwa akifunga kamba za viatu vyake, akichukua kofia yake, akienda kuwasha pampu. Mama alikufa akiamini kwamba bintiye alikuwa akimdanganya, kwamba alitema mkaa mara tu mgongo wake ulipogeuka. Mambo ya maji Woinshet angeweza kuyasamehe, kwa maana waliokunywa walikuwa wengi. Lililomkaa kooni ni zile kamba za viatu.

Daktari alieleza kazi itakavyokwenda, bila kupamba. Angesaga uso wa meno kumi ya mbele, kiasi cha unene wa ukucha, kisha abandike vigamba vya kauri vilivyotengenezwa kwa kipimo chake. Jino likishasagwa halirudi. Atakuwa mtu wa vigamba maisha yake yote, na baada ya miaka kumi au kumi na tano vitahitaji kubadilishwa. Asahau kutafuna miwa. Asahau shayiri ya kukaanga.

"Hata kidogo?" aliuliza Woinshet.

"Punje moja ikikaa vibaya, kigamba kinapasuka."

"Ataacha," alisema mzee. "Shayiri ni kitu gani?"

"Umeulizwa wewe?"

Daktari akajifanya hakusikia. Alisema kwamba kabla ya kusaga chochote angependa kumwonyesha sura atakayokuwa nayo. Alikuwa na utomvu laini wa kujaribia, unaobandikwa juu ya meno yenyewe na kukauka, nao hung'oka bila kudhuru. Akamlaza tena, akafanya kazi dakika ishirini kimya kimya, akikata na kulainisha. Kisha akampa kioo cha mkono.

Woinshet alitabasamu mbele ya kioo, na baba yake akamtabasamia kutoka ndani yake.

Hakukuwa na njia nyingine ya kulieleza. Ule mdomo ulikuwa wake Demissew, ile safu iliyonyooka ilikuwa yake, hata lile kunjo la upande wa kulia la mtu anayejua kwamba watu wanamtazama akinywa. Maisha yake yote aliambiwa amefanana na mama, na aliamini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Aliona chuki ikimpanda, chuki halisi, ya moto. Na juu ya chuki ile, jambo la aibu zaidi, aliona kwamba alikuwa mzuri.

"Ee Mungu," alisema mzee nyuma yake. "Umenifanana."

"Nyamaza."

"Kabisa, mwanangu! Daktari, tazama..."

"Nyamaza, Baba, kabla sijakivunja hiki kioo."

Daktari alitazama saa yake. "Kaa nayo mpaka jioni," alimwambia. "Nenda ukale, uzungumze na watu, ujizoee. Lakini kula polepole, hiyo si kauri, ni kitu cha kujaribia tu, hakina nguvu. Saa kumi na moja urudi uniambie nisage au nibandue. Peke yako ukitaka."

Waliingia kwenye mkahawa ulio ng'ambo ya barabara. Ilikuwa Jumatano, siku ya mfungo, kwa hiyo hapakuwa na la kuchagua, waliletewa shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, ikichemka kwenye chungu kidogo, na sinia moja ya injera, ule mkate wao mpana na laini, kwa watu wawili. Mhudumu, msichana mnene mchangamfu, alimwagia Woinshet maji ya kunawa, akamtazama usoni na kusema, "Wallahi dada, meno hayo! Umeyachukua kwa mzee, eti?"

Woinshet alicheka. Kilimtoka tu kicheko, kabla hajakikamata, mchana kweupe, mbele ya watu, na shuka yake ikiwa mabegani. Hakuna aliyegeuka kumtazama mara mbili. Mwanamume wa meza ya jirani alimtazama mara moja na kutabasamu, ikaisha. Ikawa rahisi namna ile. Miaka thelathini na sita, na ilikuwa rahisi namna ile, na furaha iliyomjaa kifuani ilimkasirisha, kwa sababu aliyekuwa ameileta alikuwa ameketi mbele yake akiipokea kama shukrani.

Mzee alikuwa akila kwa hamu. Mabega yake yalikuwa yameshuka, uso umefunguka, umri umempungua. Alizungumza juu ya bei ya vitunguu. Alizungumza juu ya ng'ombe wa jirani. Kisha akasema, huku akikata injera:

"Haya, imekwisha. Tumshukuru Mungu. Mama yako angekuona leo, angekuona ulivyo safi..."

Woinshet aliacha kutafuna.

"Rudia."

"Nimesema angefurahi."

"Umesema safi. Mama alikufa akijua mimi ni mchafu. Nani alimwacha ajue hivyo?"

"Tunakula, Woinshet. Chakula hakitukanwi."

"Asubuhi daktari kaniuliza mimi, wewe ukasema nilikuwa mkaidi. Leo hii, Baba. Na nywele zako hizo nyeupe."

Mzee alikata kipande kikubwa cha injera, akachovya katika shiro, akakunja kwa vidole vitatu, akabana, akalifanya tonge nono la kupendeza. Kisha akanyoosha mkono juu ya sinia hadi mbele ya midomo ya binti yake. Ndivyo wanavyofanya watu wa nchi ile wakishindwa na maneno. Tonge la mkono wa mtu halikataliwi, na anayelikataa amemkataa mwenye mkono mbele ya Mungu na mashahidi.

"Pokea," alisema. "Pokea kwa mkono wangu, yaishe."

"Sema kwanza."

"Pokea, watu wanatutazama."

"Wewe umezoea kutazamwa. Sema."

Mkono ulibaki hewani. Mchuzi ulidondoka tone moja, ukaingia kwenye upindo wa mkono wa koti lake la sikukuu. Mhudumu alikuja na maji, akaona, akarudi alikotoka. Mwanamume wa meza ya jirani hakutabasamu tena. Mkono wa mtu wa miaka sabini na mbili haukai hewani muda mrefu bila kutetemeka, nao ulianza, kwanza kidole, kisha kifundo, lakini mzee hakuushusha, kwa maana kuushusha kungekuwa vibaya zaidi.

"Barua niliisoma," alisema, kwa sauti ya chini. "Mara mbili niliisoma. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu, ulikuwa huna jino hata moja lililoharibika. Nikawaza, nikipita katikati ya kambi na madumu ya ofisini, wataniuliza, Bwana Maji, mbona wewe hunywi maji yako? Nyumba ilikuwa ya kazi. Nikayaacha."

"Na Mama?"

"Nilikusikia ukilia. Kila siku nilikusikia."

"Na Mama, nimekuuliza."

Macho ya mzee yalikuwa yamejaa, lakini hakuwa na mkono wa kuyafutia. Wa kulia ulikuwa na tonge, na wa kushoto ulishikilia ukingo wa meza.

"Ningemwambia, angenichukia mimi," alisema. "Na mimi nilikuwa nampenda mama yako. Nikaona heri akukasirikie wewe. Wewe ulikuwa mtoto. Nilidhani utasahau."

Ndilo hilo. Miaka sita alikuwa amelisubiri, akiamini kwamba siku litakaposemwa kitu fulani ndani yake kitatua chini kama mzigo wa kuni. Hakikutua. Neno lilikuwa baya kuliko alivyolitunga yeye mwenyewe usiku baada ya usiku, na aliyelisema alikuwa kizee kinachotetemeka, mchuzi umemwingia kwenye koti. Alimchukia. Alimwonea huruma, akamchukia kwa sababu ya huruma hiyo.

Akafungua kinywa, akapokea tonge, na vidole pamoja na tonge, akauma.

Aliuma kwa nguvu zake zote. Alisikia utomvu wa daktari ukipasuka, kipande kikabanduka na kubaki juu ya ulimi wake, na nyuma yake jino lake mwenyewe, lile la vishimo, likafika kwenye mfupa wa kidole. Mzee alivuta pumzi. Machozi yalimshuka hadi ndevuni. Mkono hakuutoa.

Woinshet ndiye aliyeachia. Alitafuna, akameza, akatoa kile kipande cheupe ulimini na kukiweka kando ya sinia. Mzee Demissew alikitazama kidole chake, alama nne zikiwa zimeanza kujaa damu, akakipangusa kwa leso. Tonge moja huleta ugomvi, ndivyo wasemavyo watu wa kwao, na kwa sababu hiyo mtu halishwi moja.

Akakata injera, kwa taabu, kwa mkono uleule, akaanza kukunja la pili.